Siku Thelathini za Diski

4 Mei

Kwako Shemeji,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, Mama naye mzima, ila magoti yake yanalalamika kila akipanda ngazi. Nimekupigia simu mara nyingi mpaka vidole vimeota sugu. Haipatikani asubuhi, haipatikani jioni. Basi nimerudi kwenye karatasi kama wazee wetu. Barua hii anayo karani wa mabasi, hawezi kuipoteza, maana mimi ndiye niliyemfufulia printa yake ya tiketi.

Habari za kibanda chako cha kupiga chapa nimezipata kwa fundi cherehani, jirani yako. Anasema kompyuta imekufa, wanafunzi wa chuo wanakuja na tasnifu zao mkononi, wanakukuta umekaa tu, wanavuka barabara kwenda kwa mpiga chapa mwingine. Shemeji, mimi mdogo wa mume wako ni fundi kompyuta miaka kumi na minne, halafu habari ya kompyuta yako naipata kwa fundi cherehani! Haya, tuyaache.

Nina laptop mbili mezani hapa. Sura moja, kioo kimoja, ukizifunika hujui ipi ni ipi. Tofauti ni diski tu. Wateja wengi wakija wanauliza rangi, mimi nawaambia ulizeni diski kwanza, kwa sababu diski ndiyo stoo ya kompyuta, kila kitu kinatoka humo. Ya kwanza ina diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka na kijisindano kinachosoma. Ukiomba faili, sahani inazunguka, sindano inatafuta, wewe unasubiri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ina nafasi ya giga elfu moja, utajaza mpaka uzeeke. Ya pili ina diski hizi mpya wanazoziita SSD. Hakuna kinachozunguka, hakuna kelele, ukibonyeza tu kitu kiko mbele yako. Ila nafasi yake ni robo ya ile. Kasi au nafasi, chagua.

La pili ni kitabu cha marehemu kaka. Mhariri amenitafuta, anasema makubaliano yao ni mwisho wa Juni, ukipita huo anapanga kitabu cha mtu mwingine. Miaka saba kaka ameandika kitabu kile cha hesabu. Mama kila Jumapili ananiuliza, "Kitabu cha mwanangu kimefika?" Nimechoka kumwambia bado. Nitumie ile laptop yake, nitahamisha vilivyomo kwenye mpya na kitabu nitampelekea mhariri.

Kula, Shemeji. Fundi cherehani kasema umepungua.

Mdogo wa mume wako,
Fundi

9 Mei

Shemeji,

Barua imefika. Simu nimeizima, si kwa ajili yako. Watu wanapiga wanasema pole, nami nasema asante, halafu tunanyamaza wote wawili mpaka salio lao linaisha.

Kompyuta ilikufa mwezi uliopita. Ilitoa harufu ya plastiki, ikanyamaza. Nimeendelea kwenda kibandani hivyo hivyo. Nafungua, nakaa, nafunga saa tisa na nusu. Nisipokwenda sijui nitakaa wapi.

Diski chagua wewe. Kasi sijui nina haraka ya kwenda wapi, na nafasi sijui nina nini cha kuijaza. Kwangu yote sawa.

Kompyuta ya Mwalimu, kaka yako, nimemkabidhi karani. Nimeifunga kwenye taulo. Waya wa chaja umechunika karibu na kichwa, usikushike. Kitabu kimo humo. Chukua kinachohitajika, kingine sina habari nacho.

Mama msalimie. Mwambie nakula.

Mke wa kaka yako

14 Mei

Shemeji,

Nimekuchagulia ya kasi. Najua utasema haraka haraka haina baraka, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kusubiri kompyuta iwake huku mteja amemsimamia kichwani. Iko kwenye boksi pamoja na barua hii. Nimeiwekea kila kitu cha kazi yako, hata ile fonti ambayo walimu wa chuo wanaing'ang'ania.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Nimefungua laptop ya kaka, nikakuta kitabu kile kimoja kimehifadhiwa mara elfu moja mia moja na sitini na tatu! Kitabu 1, Kitabu 2, Kitabu 3, mpaka 1163. Kila siku aliyofanya kazi alitengeneza nakala mpya yenye namba yake, na ya jana hakuigusa. Mtu huyu alikuwa na wivu na maandishi yake kuliko mwenye duka na funguo. Na kila nakala ni nzito, maana michoro aliipiga picha akaibandika bila kuipunguza. Kwenye diski ya kasi haziingii hata nusu. Ndiyo kasoro yake, nilikwambia.

Basi nikafanya tunavyofanya siku zote hapa karakana: nakala ya mwisho ndiyo neno la mwisho la mwenyewe. Nimechukua 1163 peke yake. Tena ni nyepesi kuliko karibu zote, nikasema afadhali, hatimaye kaka amejifunza kupunguza picha.

Tarehe yake ni ya siku ile ile, Shemeji. Saa nane na dakika tano mchana. Nilipoiona niliweka bisibisi chini nikatoka nje kidogo. Kumbe alikuwa kazini mpaka dakika zake za mwisho, nawe ukiwa pembeni yake, kama ulivyotusimulia. Nilimwambia Mama. Akasema heri mtu anayeondoka mkewe akiwa karibu.

Diski ya zamani nimeichomoa, nimeibandika tepu yenye jina la kaka na tarehe ya jana, iko kwenye katoni na nyingine. Desturi yangu unaijua: diski ya mteja inakaa siku thelathini, ndipo naifuta na kuwauzia watu wa kamera za ulinzi. Hata mwenyewe akisema futa leo, nangoja, kwa sababu wenye mali hukumbuka wiki ya tatu. Siku zake zinaisha tarehe kumi na mbili Juni. Kama kuna picha au chochote unachotaka humo, sema kabla ya hapo.

Mdogo wa mume wako,
Fundi

18 Mei

Shemeji,

Kompyuta imefika salama. Inawaka kabla sijavuta kiti. Sijaizoea.

Wateja wamerudi kiasi. Jana nilimaliza kuchapa tasnifu ya mmomonyoko wa udongo, kurasa themanini. Mwenyewe aliniuliza nimeionaje. Sikukumbuka hata sentensi moja, nikamwambia ni nzuri.

Diski hiyo ya zamani ifute. Usingoje siku thelathini. Hakuna kitu humo. Faili la mwisho unalo, mpelekee mhariri yaishe.

Mke wa kaka yako

1 Juni

Shemeji,

Sijui nianzie wapi, na wewe unanijua, maneno huwa hayanipigi chenga.

Nilimpelekea mhariri faili la kaka. Juzi kaniita ofisini kwake. Kanikalisha kitako, kanipa maji, nikajua hapo kuna jambo. Akasema, "Fundi, ulichoniletea si kitabu." Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Kurasa nne, Shemeji! Kurasa nne tu, na zenyewe hazina kichwa wala miguu. Sura ya sehemu hamna, sura ya maumbo hamna, michoro hamna. Mimi nilikipeleka bila kukifungua. Nilikiona chepesi nikafurahi, mjinga mimi.

Nikakimbia karakana kuitoa diski ya zamani kwenye katoni. Nilihofu kwamba wakati wa kuhamisha ile ya kasi imekula kitu. Lakini huku na kule ni sawasawa, kurasa nne. Nikafungua 1162, mbovu. 1161, mbovu. Nikarudi nyuma nakala kumi, ishirini, thelathini, zote zimeliwa. Nikaruka mpaka namba moja kabisa: kurasa mbili! Imeliwa mwanzo, imeliwa mwisho. Nikaipima diski, mashine ikanionyesha madoa mekundu kama mtoto mwenye surua.

Sasa nitakwambia jambo ambalo kaka hakulijua mpaka anaingia kaburini. Diski ile nilimwekea mimi, miaka minane iliyopita. Nilimwambia ni mpya. Haikuwa mpya. Niliitoa kwenye kamera ya ghala moja lililofungwa, ilikuwa imezunguka usiku na mchana miaka mitatu. Ilikuwa nzito kuamka, kaka akilalamika namwambia, "Vumilia, ndivyo zilivyo." Mteja wa mtaani nampa kitu kipya, kaka yangu wa tumbo moja nampa mtumba kwa sababu najua hataninung'unikia. Ndiyo maana wewe nilikuchagulia ya kasi bila kuwaza mara mbili. Nilikuwa nalipia ile.

Rahisi ghali. Nimekula kitabu cha kaka.

Fundi

4 Juni

Shemeji,

Nimeisoma barua yako. Usijilaumu. Vitu huharibika. Mwambie mhariri hivyo, ataelewa.

Mimi sina la kuongeza.

Mke wa kaka yako

7 Juni

Shemeji,

Asante kwa kunifariji, ingawa barua yako ilikuwa fupi hata bahasha iliionea huruma.

Nimemwambia Mama. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo diski uliiweka wewe?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hasemi nami. Tunakaa meza moja, anamwambia mke wangu, "Mwambie mumeo apitishe chumvi." Mke wangu ananiambia, nami chumvi iko mbele yangu. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Leo ni siku ya nne.

Kibao cha nje nimekishusha. Watu wanapita wanauliza, Fundi umehama? Nawaambia napumzika. Ukweli ni kwamba mteja akinipa kompyuta yake mkononi namrudishia bila kuifungua. Nimefundisha watu mtaa mzima kutunza nakala, na aliyetunza kuliko wote ndiye niliyemharibia.

Mhariri nitamwandikia wiki ijayo kwamba kitabu hakipo tena. Na diski, tarehe kumi na mbili siku zake zinatimia. Uliniambia futa. Siifuti, naipiga nyundo. Sitaki mtu wa kamera naye aje kulia kwa mkono wangu.

Pole, Shemeji. Najua wewe ndiye mwenye msiba, na mimi ndiye ninayepiga kelele.

Fundi

10 Juni

Shemeji,

Weka nyundo chini. Karani ameniapia kwamba barua hii itakufikia kesho kabla ya saa sita.

Diski yako haina kosa. Madoa sijui, lakini kitabu hakikuliwa na madoa. Kitabu kiko kizima humo. Fungua namba 871. Siku ile alinyanyuka mezani akasema, "Kimekwisha, mama, mia nane sabini na moja." Namba naikumbuka kwa sababu tulicheka, nikamwambia hata mtoto hahesabiwi siku hivyo. Akasema anakipitia mara moja tu, kisha anakipeleka. Hiyo ilikuwa Machi ya mwaka jana.

Kaka yako hakuwa na presha peke yake. Akili ilikuwa inamtoka. Mwezi wa nne alipotea akitoka shuleni, barabara aliyoipita miaka ishirini. Mwezi wa tano shule ikamwomba apumzike. Alinishika mkono akaniambia, "Mama asijue, mdogo wangu asijue. Mwalimu wa hesabu asiyejua hesabu, watasemaje?" Nikaapa. Nikawaambia ninyi ni presha.

Kila siku alikaa kukipitia kitabu. Jumapili nilikaa naye nikaona anachofanya. Swali asiloelewa alilihesabu kuwa ni kosa, akalifuta. Siku hiyo moja, kesho mawili, baadaye sura nzima. Kisha alihifadhi kwa namba mpya. Namba hakukosea hata mara moja. Ukifungua kuanzia 872 unamwona akipungua. Mimi sikutaka mtu amwone.

Ningeweza kumnyang'anya kompyuta. Sikumnyang'anya, na sababu yake ndiyo hii ninayoiandika sasa.

Mimi ilibidi niende kazini. Hakukuwa na mtu wa kukaa naye, maana hakuna aliyetakiwa kujua. Akibaki wazi alitoka akapotea. Kwa hiyo saa mbili kila asubuhi nilimkalisha mezani, nikawasha kompyuta. Ile diski yako ya mtumba ilichukua dakika tano kuamka. Dakika tano hizo alikitazama kile kiduara kinachozunguka, hageuki. Hapo nilivaa viatu, nikatoka, nikafunga mlango kwa nje. Ingekuwa na kasi kama hii uliyoniletea nisingeweza, angeniona. Nilirudi saa kumi. Miezi minane, Shemeji, nilimfungia kaka yako ndani kama kuku.

Siku ile nilifungua mlango saa kumi, nikamkuta sakafuni. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, hata ningekuwepo pengine isingesaidia. Alisema pengine. Ninyi niliwaambia nilikuwa pembeni yake. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinistahi, nikaumbuliwa na saa ya kompyuta. Ulipoandika saa nane na dakika tano ndipo nilipojua kwamba imo humo, saa ambayo mimi nilikuwa kibandani. Wakati naifunga kwenye taulo sikufikiri. Siku hizi sifikiri.

Msibani mlinisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Sikuhisi kitu, na mpaka leo sihisi. Hata nilipokuachia mzigo wa diski nilijua ninachokifanya, nikatia barua kwenye bahasha, nikaenda kuchapa. Ila habari ya chumvi niliisoma mara tatu.

Chukua 871, mpelekee mhariri. Zilizobaki zifute bila kuzifungua. Ukitaka kunichukia una haki yako.

Mke wa kaka yako

16 Juni

Shemeji,

Barua ilifika tarehe kumi na moja, saa tano asubuhi. Karani aliileta mwenyewe kwa miguu.

Siwezi kukudanganya kwamba sikukasirika. Siku mbili nzima nilikuwa nakujibu kichwani, na majibu yenyewe hayaandikiki. Nilikuwa umbali wa safari ya siku moja. Ungeniita ningekuja, ningehamishia karakana sebuleni kwenu, ningemtazama kaka huku nachomea waya. Hukuniita. Yeye alikuapisha, sawa, lakini mimi ni mdogo wake, na nilikuwa na haki ya kumwona hata anapungua. Hilo bado linanichoma na nimeliandika ili litoke.

Baada ya hapo nikafungua 871. Kurasa mia tatu kumi na mbili, michoro yote, majibu nyuma. Kitabu kizima! Mhariri anacho tangu Jumatatu, amesema kitaingia kwenye mitambo kwa wakati. Mama nilimwambia kwamba kimepatikana. Akaniambia, mimi mwenyewe, "Hebu nipitishie chumvi." Habari ya mlango sikumwambia. Hiyo ni yako, utaisema au hutaisema.

Uliniomba nisifungue zilizobaki. Nimezifungua zote, mia mbili tisini na mbili. Nilikuwa nimenyimwa kumwona, nikaona nimwone humo. Ni kweli usemavyo, anapungua. Siku aliyoifuta sura ya sehemu nililia. Ile sura alinifundisha mimi kwanza, jikoni, kwa vipande vya sabuni.

Lakini kuna kitu hukukijua, kwa sababu wewe ulimwona Jumapili tu. Kuna swali moja ambalo hakulifuta. Kila kitu kinaondoka, lenyewe linabaki, mpaka 1163. Nakuandikia kama lilivyo:

"Mpiga chapa anaondoka nyumbani saa mbili asubuhi. Ana kurasa arobaini na mbili za kuchapa, na huchapa kurasa sita kwa saa. Njiani hutumia saa nzima, kwenda na kurudi. Atarudi nyumbani saa ngapi?"

Chini yake kuna nafasi ya jibu. Katika 871 nafasi hiyo ni tupu, jibu liko nyuma ya kitabu. Kuanzia 872 anaijaza. Kila siku anaandika jibu upya. Mwanzoni hesabu yote ipo: arobaini na mbili gawanya kwa sita, jumlisha moja, saa nane, kwa hiyo saa kumi jioni. Katika 1012 hesabu imetoka, limebaki "saa kumi jioni." Katika 1090, "jioni." Kuna siku kama ishirini ameandika "bado." Kwenye faili la mwisho, la saa nane na dakika tano, ameandika "atarudi."

Neno hilo nililiona siku ile kwa mhariri. Nilidhani ni takataka ya diski.

Nina shauri moja na sitaki kuliamua peke yangu. Nimefikiri tubadilishe jibu kule nyuma ya kitabu, tuweke lile lake la mwisho, iwe kumbukumbu yake. Mhariri bado sijamgusia. Sema wewe. Na diski je, nifanyeje? Siku zake zimepita na bado iko mezani kwangu.

Mdogo wa mume wako,
Fundi

19 Juni

Shemeji,

Jibu liacheni lilivyo, saa kumi jioni. Ni kitabu cha hesabu, mwanafunzi anataka jibu sahihi, na mwenyewe asingekubali jibu lisilo na hesabu. Hilo lingine si la wanafunzi.

Diski usiifute. Naja Jumamosi kuichukua mwenyewe, na nitakaa na Mama. Nitamwambia habari ya mlango. Wewe usimtayarishe.

Jana nilifunga kibanda mapema. Saa nane na dakika tano nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti chake, mlango nimeufunga. Nilikaa mpaka saa kumi bila kufanya kitu. Ni muda mrefu sana, Shemeji. Sikujua kama ni mrefu vile.

Mke wa kaka yako